Aliyepigwa Naye Aombe Radhi?

Mkono wa kushoto wa binamu yangu ulikuwa kwenye hogo siku ukoo ulipomwita kikaoni. Kaka yake wa tumbo moja alikuwa amempiga kwa mpini wa jembe, siku chache baada ya arobaini ya baba yao, kwa sababu alikataa kiwanja cha marehemu kiuzwe. Baba mkubwa alisikiliza, akanyamaza kidogo, kisha akasema: “Nyie ni damu moja. Simameni muombane radhi.” Binamu yangu akasimama, mkono ukining'inia kwenye kitambaa shingoni, akamwomba radhi mtu aliyemvunja.

Tulitawanyika tukisema jambo limekwisha. Ndivyo tulivyolelewa: ugomvi wa ndugu humalizwa nyumbani, na anayekwenda polisi ndiye aliyevunja undugu. Methali nayo haikosekani: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wakipatana, chukua kapu ukavune. Naipenda methali hiyo, ila mwenye kuambiwa pale ni jirani, asijitie katikati ya maneno ya wenyewe. Aliyevunjwa mfupa hakuambiwa anyamaze.

Sidharau vikao vya ukoo. Ndivyo vinavyotuzikia, vinavyotuozea, vinavyolea yatima wetu. Lakini kikao kina kazi moja kinayoiwahi kuliko zote, nayo ni kurudisha utulivu kabla jua halijazama. Utulivu wa haraka hivyo lazima mtu aulipie, na anayelipa ni yule asiye na sauti: dada asiye na mume wa kumsemea, mdogo anayekaa nyumba ya kaka, mjane anayeishi kwa huruma ya mashemeji. Anayesuluhisha naye ni mmoja wao. Siku ile baba mkubwa alikuwa na fungu lake katika kiwanja kilekile, na hakuna aliyethubutu kulitaja.

Tunasema mahakama huvunja undugu. Mimi nauliza undugu wa wale wawili ulivunjika lini, kama si pale mpini uliposhuka. Hati ya mashtaka ingekuja baadaye, nayo ingeeleza tu kilichokwisha kutokea.

Kinachowatisha watu zaidi ni jela, na hofu hiyo ina msingi. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, haimpunguzii mtu kosa kwa kuwa aliyempiga ni nduguye. Shambulio la kawaida lina kifungo kisichozidi mwaka 1, shambulio la kudhuru mwili miaka 5, na kusababisha madhara makubwa miaka 7. Lakini hizo ni dari. Mahakama ya mwanzo, ambako kesi nyingi za aina hii huanzia, haiwezi kumfunga mtu zaidi ya miezi 12. Hakimu anaweza kutoza faini, kuamuru fidia, au kumwachia mkosaji kwa sharti kwamba asitende kosa jingine kwa muda usiozidi miezi 12. Wanaosema “utamfungisha ndugu yako kwa ajili ya kofi” hawayataji hayo yote.

Tena wanasahau kwamba suluhu imo ndani ya sheria yenyewe. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inairuhusu mahakama, katika shambulio la kawaida na makosa mengine ya kibinafsi, kuwapatanisha wahusika, hata kwa kulipana fidia, na kusimamisha shauri, ikiona masilahi ya umma hayadai adhabu. Kwa hiyo anayefungua kesi hajaufunga mlango wa kupatana. Amekataa tu kupatana kabla mtu hajaulizwa alichofanya. Mkono uliovunjika unaweza kuuvuka mpaka wa suluhu hiyo, na ni haki uuvuke.

Kuna hoja nyingine husemwa kwa sauti ya chini: mashahidi wote ni ndugu, nani atawasadiki? Mahakama ya Rufani ya Tanzania imekwisha kulijibu hilo mara nyingi. Hakuna kanuni inayosema ushahidi wa ndugu ukataliwe kwa undugu wake. Hupimwa kama wa mtu mwingine yeyote. Sheria ya Ushahidi nayo haikuweka idadi ya mashahidi. Mmoja anayeaminika anatosha. Na yanayotokea uani saa mbili usiku, nani mwingine ayaone kama si ndugu?

Kusingiziana nako kupo, hasa penye ardhi. Lakini hapo ndipo mahakama inapomfaa hata mshtakiwa. Ana haki ya kutaka daktari aliyejaza PF3, fomu ya polisi ya kurekodi majeraha, aje aulizwe maswali: jeraha lilikuwa la kitu butu au chenye makali, liliweza kutokana na kuanguka? Akisema alikuwa akijihami, lazima asikilizwe, na shaka yoyote ya msingi ni yake. Kijana aliyezoeleka kuitwa mkorofi hapati haki hiyo kwenye mkeka wa ukoo, kwani watu hufika wakiwa wamekwisha kumhukumu.

Naomba tusidanganyane, hata hivyo: kesi ya shambulio haigawi kiwanja. Mirathi ina mahakama yake na mgogoro wa ardhi una mabaraza yake, na anayetaka kushinda shamba kwa kumfungisha nduguye atatoka mikono mitupu.

Ninachokililia zaidi ni muda. Fomu ya PF3 hutolewa kituo cha polisi, daktari akaandika anachokiona kwa macho yake siku hiyo. Uvimbe hausubiri ndugu wa mikoani wafike kikaoni. Wiki mbili zikipita alama imefifia, nguo yenye damu imefuliwa, na mtoto aliyeshuhudia amekwisha kufundishwa la kusema. Ukoo ungemwacha binamu yangu aende polisi asubuhi ileile, bado ungebaki na nafasi ya kuzungumza, ila safari hii mbele ya hakimu asiye na fungu kwenye kiwanja.

Hakwenda. Kiwanja kiliuzwa mwaka uliofuata. Anasuka mikeka kama zamani, ila mkono wa kushoto haunyooki vizuri, huuegemeza gotini ili usichoke. Kaka yake akija sikukuu humtengea chai, humkaribisha kwa adabu zote, kisha huchukua ukindu wake akaenda kukaa nyuma ya nyumba mpaka aondoke.