USHURU MMOJA KWA GUNIA MOJA



Kila mwaka mvua zikishakoma na mahindi yakaukapo mashambani, nyanda zetu za Ufipa hugeuka soko. Zamani mnunuzi alikuja mwenyewe. Alifika Matai, Laela au hapa Izia, akatia mkono guniani, akabishana bei na mwenye mali, akalipa mbele ya mashahidi. Siku hizi mambo yamebadilika. Mama aliyeko kijijini hupiga picha ya maharage yake kwa simu ya mwanawe, na picha hiyo humfikia mfanyabiashara aliyeko Tunduma au Dar es Salaam. Bei hupatanwa kwa simu na fedha hutumwa kwa simu. Mnunuzi na muuzaji huenda wasionane maisha yao yote. Mzigo hupakiwa katika lori la mtu wa tatu, ukaondoka.

Hatuna neno juu ya maendeleo hayo. Yamempunguzia mkulima utumwa wa kungoja dalali mmoja mwenye bei moja. Lakini yamezusha swali ambalo Kamati zetu za Haki na Amani haziwezi kulikwepa: mali iliyouzwa kwa mbali, ikavuka mipaka ya halmashauri kadhaa, ni nani anayestahili kutoza ushuru wake, na ni nani anayepaswa kuulipa?

Tutazame njia yenyewe. Lori linalotoka Matai katika Wilaya ya Kalambo kwenda mpakani Tunduma hupita Manispaa ya Sumbawanga, kisha Halmashauri ya Wilaya ya Sumbawanga, kisha Momba, ndipo liingie Mji wa Tunduma. Hizo ni halmashauri tano. Mipaka hiyo imeongezeka katika miaka ya karibuni: Kalambo ilimegwa kutoka Wilaya ya Sumbawanga mwaka 2012, na Mkoa wa Songwe ulizaliwa kutoka Mkoa wa Mbeya mwaka 2016. Kugawa maeneo ili utawala uwe karibu na watu ni jambo jema. Lakini kila mpaka mpya huleta kishawishi cha geti jipya, na kila geti lina mtu mwenye kitabu au mashine ya stakabadhi.

Sheria yasemaje? Halmashauri zetu hupata uwezo wa kutoza kutoka Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Namba 9 ya mwaka 1982. Ushuru wa mazao hupimwa kwa bei ya shambani, na mwenye kuubeba ni mnunuzi. Kwa muda mrefu kiwango chake kilifika asilimia 5. Hotuba ya Bajeti ya mwaka 2017/18 ilitangaza kukishusha hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Ilitangaza pia kwamba mtu anayesafirisha mazao yasiyozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine asitozwe ushuru huo. Tani moja ni magunia kumi ya kilo mia. Basi mjane mwenye magunia manane, anayeyapeleka kwa mwanawe au sokoni ng'ambo ya mpaka wa wilaya, hapaswi kutetemeka mbele ya kizuizi.

Tuchukue mfano wa hesabu, nayo ni ya kuelekeza tu. Mkulima ameuza magunia 30 ya maharage kwa simu, kila gunia shilingi 70,000. Thamani yote ni shilingi 2,100,000. Kwa asilimia 2 ushuru ni shilingi 42,000, na mnunuzi aulipe mahali mali ilikotoka. Geti la halmashauri ya pili likikataa stakabadhi ya kwanza na kudai tena, ushuru umekuwa shilingi 84,000. Je, mfanyabiashara atazitoa mfukoni mwake? Hasha. Safari ijayo atakapopiga simu, atapunguza bei kwa kila gunia mpaka hasara yake irudi. Sheria ilimwandikia mnunuzi mzigo huo, lakini unaishia begani mwa mama aliyelima. Wahenga walisema, wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi.

Wala tatizo hili si letu peke yetu. Ndani ya Muungano wetu, wafanyabiashara wa Zanzibar wamelalamika kwa miaka mingi juu ya kutozwa mara mbili bidhaa zinapovushwa kuja Bara, kwa kuwa pande hizi mbili zina viwango tofauti vya Kodi ya Ongezeko la Thamani: kiwango cha kawaida ni asilimia 15 huko na asilimia 18 huku. Nchini Marekani kila jimbo hujipangia kodi yake ya mauzo, na tangu mwaka 1992 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilishikilia kwamba jimbo haliwezi kumlazimisha kukusanya kodi hiyo muuzaji asiye na duka wala mfanyakazi ndani yake. Biashara ya intaneti ilipokua, wenye maduka ya mitaani walitoza kodi, na walio mbali hawakutoza. Tarehe 21 Juni 2018, katika shauri kati ya jimbo la South Dakota na kampuni ya Wayfair, mahakama hiyo iliitengua hukumu ya zamani kwa kura tano dhidi ya nne. Sheria ya South Dakota iliyopimwa siku ile haikuwagusa wadogo: ilimhusu muuzaji wa mbali aliyeuza humo zaidi ya dola 100,000 kwa mwaka, au kufanya mauzo 200. Baadaye majimbo yaliwapa wenye masoko ya mtandaoni wajibu wa kukata kodi kwa niaba ya wauzaji wadogo wanaouzia humo.

Hata Tanzania, tangu Julai 2022 kampuni za nje zinazotuuzia huduma kwa njia ya elektroniki zimewekewa wajibu wa kodi ingawa hazina ofisi hapa. Na katika minada ya kielektroniki ya Soko la Bidhaa Tanzania, ambamo ufuta, mbaazi na korosho zimekuwa zikiuzwa, mnunuzi hutaja bei akiwa mbali, na makato hufanyika hapo hapo kabla mkulima hajapokea fedha zake.

Katika mifano hiyo twajifunza mambo matatu. Umbali haufuti wajibu. Mdogo astahili kuhurumiwa kwa kiwango kinachojulikana, si kwa hisani ya mtu wa getini. Na kazi ya kukusanya apewe yule aliye na uwezo na kumbukumbu, si yule aliye dhaifu zaidi.

Kanisa nalo limekwisha kusema. Baba Mtakatifu Leo XIII, katika waraka wake Rerum Novarum wa mwaka 1891, alifundisha kwamba dola hutenda udhalimu inapomnyang'anya mtu mali yake kwa kodi zilizopita kiasi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati Gaudium et Spes ya mwaka 1965, uliwakemea wanaokwepa kodi halali kwa hila. Mafundisho hayo mawili hayapingani. Yohane Mbatizaji hakuwaambia watoza ushuru waiache kazi yao. Aliwataka wasidai zaidi ya walichoagizwa. Zakayo naye hakuishia kusikitika, bali alirudisha.

Kwa hiyo msimamo wetu ni huu: gunia moja lilipiwe ushuru mara moja, mahali lilikotoka, na stakabadhi halali iheshimiwe na kila geti mpaka mwisho wa safari. Halmashauri ambamo mazao yamepita tu haikulima barabara ya shamba lile, wala haikujenga zahanati ya mkulima yule. Haina haki ya kuvuna isipopanda. Tunaomba pia mnunuzi wa mbali, au wakala wake anayepakia mzigo, awe ndiye mwenye kulipa kabla ya lori kuondoka, badala ya kumwachia mkulima au dereva.

Lakini tusiwe watu wa kunyoosha kidole upande mmoja. Wako miongoni mwetu, na wengine husoma masomo Jumapili, wanaogawanya shehena ya tani tano katika safari tano ili kila moja ionekane chini ya tani. Wako wanaofunga lumbesa, gunia likabeba zaidi ya kilo mia, wakamwibia mkulima kwa kipimo na halmashauri kwa hesabu. Wako wanaopenyeza noti dirishani, lori likapita bila stakabadhi. Anayetoa noti ile huona ameokoa fedha. Kumbe ameuza dawa za zahanati ya kijiji na madawati ya watoto, na amemzoesha mtumishi wa umma kutoona aibu. Mtu wa namna hiyo atapata wapi kinywa cha kulalamika geti la pili linapomdai tena, naye hana karatasi ya la kwanza?

Yatupasa basi kuanza na yaliyo karibu. Kila kigango kiombe nakala ya sheria ndogo ya ushuru ya halmashauri yake na kuisoma hadharani, ili watu wajue kiwango kinachotumika. Kila anayeuza kwa simu aandike jina la mnunuzi, uzito, bei na tarehe, na asikubali mzigo uondoke bila stakabadhi. Anayetozwa mara mbili asipigane getini. Atunze stakabadhi zote mbili, azilete kwa Kamati, nasi tutakwenda pamoja naye kwa diwani na kwa mkurugenzi. Sauti ya mmoja husahaulika upesi. Stakabadhi ishirini juu ya meza hazisahauliki.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya:

1. Msimu uliopita, ni wangapi kati yetu waliouza mazao kwa simu? Ushuru ulilipwa na nani, na wapi?

2. Je, twafahamu ushuru uliokusanywa kijijini petu ulifanya kazi gani? Kama hatujui, ni nani tutamwuliza, na lini?

3. Ni hila gani za kukwepa ushuru zilizozoeleka kwetu hata hatuziiti tena dhambi? Tutaziacha kwa njia gani?