Daftari la Wiki: Nilitarajia Hiki, Nimepata Kile

Kwa nini C? Mpwa wangu anatengeneza simu Kariakoo mchana, usiku anajifundisha lugha ya C. Wenzake wanamcheka: dunia imehamia Python, yeye anahangaika na lugha iliyoundwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Jibu lake ni la kifundi. Kila simu ya Android anayoifungua inaendeshwa juu ya Linux, na sehemu kubwa ya kiini cha Linux imeandikwa kwa C. Hata hiyo Python wanayomtambia, toleo lake linalotumiwa zaidi limeandikwa kwa C. "Mjomba," ananiambia, "mimi sijazoea kutengeneza kitu nisichokifungua." Laptopu hana. Anaandika kwenye simu yake mwenyewe kwa kutumia programu ya Termux, na vidole vimezoea.

Mkali asiyejua kuelekeza. Anayejifunza C hukutana kwanza na kompaila, programu inayogeuza maandishi yake kuwa maagizo ambayo mashine inayaelewa. Ni kali: nukta mkato moja ikikosekana, kazi yote inarudishwa. Kinachomchanganya mgeni zaidi, hata hivyo, ni kwamba kompaila mara nyingi hulalamikia mahali pasipo na kosa. Sahau kufunga bano `}` katikati ya programu, nayo itakuonyesha mstari wa mwisho wa faili, ambao hauna hatia yoyote. Kosa moja pia huweza kuzaa malalamiko kumi. Waliotangulia wana kanuni yao: shughulikia lalamiko la kwanza tu, kisha endesha tena. Yaliyobaki mara nyingi huondoka nalo.

Kali, lakini pengine hukaa kimya. Andika `if (umri = 18)` badala ya `if (umri == 18)`. Alama moja ya usawa haiulizi kama umri ni 18. Inaufanya uwe 18, na jibu linakuwa ndiyo kwa kila mtu, hata kwa mtoto wa chekechea. Kompaila inaweza kuupitisha mstari huo bila neno, kwa sababu kisheria ni C halali. Ukiiambia kompaila ya gcc `-Wall`, ndipo inakuonya. Hapa ndipo ninapoona kikomo cha kujifunza mwenyewe. Anayeanza hawezi kuomba onyo asilojua kwamba lipo. Lazima mtu amwambie, na heri amwambie siku ya kwanza.

Kuuliza si ujinga. Ndivyo tulivyolelewa, na ni kweli. Ila wahenga hawakusema kila swali linajibika. Nimeyaona maswali ya wanaoanza kwenye kundi la WhatsApp la mpwa wangu: picha ya skrini iliyopigwa kwa kutetemeka, na chini yake, "Wakuu, haifanyi kazi, nisaidieni." Mkuu gani atasaidia hapo? Kuna dada mmoja kwenye kundi hilo, mwandishi wa programu kwa kazi, ambaye hajibu mpaka apewe mambo matatu: ulichoandika, kikiwa maandishi na si picha, ulichotarajia, ulichopata.

Mwanzoni mpwa wangu alimwona ana maringo. Baadaye akataka kumuuliza kuhusu wastani. Akaandika: nimejumlisha 7 na 8, nikagawa kwa 2, nilitarajia 7.5, nimepata 7. Hakulituma swali hilo. Alipoziona 7.5 na 7 zimekaa jirani, alijua kilichopotea ni sehemu ya desimali, akaenda kutafuta kwa nini. Katika C, namba nzima ikigawanywa kwa namba nzima hutoa namba nzima, na desimali hukatwa. Dada yule alikuwa amemsaidia bila kuandika hata herufi moja.

Wasaidizi wa aina mbili. Wa kwanza ni mkarimu. Unamtumia tatizo, anakurudishia programu nzima imekamilika. Unainakili, inakimbia, unamshukuru, na wiki inayofuata umekwama palepale. Akili mnemba nayo iko kundi hili, isipokuwa umeiomba waziwazi ikuulize kabla ya kukujibu. Wa pili anaudhi. Anakuambia, "Chapisha thamani ya `i` kabla ya mstari huo, kisha uniambie umeona nini."

Siku moja mpwa wangu alikuwa na safu ya bei tano za vioo vya simu, na programu inayozijumlisha. Kwenye simu yake jumla ilitoka sawa. Kwenye laptopu ya mwenzake ikatoka namba ya ajabu. Mmoja kundini alimjibu kwamba kwake inafanya kazi. Msaidizi wa aina ya pili alimwambia achapishe `i`, namba inayotaja nafasi ndani ya safu. Ikatoka 0, 1, 2, 3, 4, kisha 5. Safu ya vitu vitano katika C huanzia 0 na kuishia 4. Ukienda 5 umetoka nje ya safu, na C haikuzuii: inasoma chochote kilichopo hapo kwenye kumbukumbu ya mashine. Kwenye simu yake palikuwa na sifuri kwa bahati tu. Tangu siku hiyo "kwangu inafanya kazi" haimtulizi tena.

Hata waundaji wenyewe walisaidiana. Dennis Ritchie aliunda C akiwa Bell Labs, Marekani, kutokana na lugha B ya mwenzake Ken Thompson, nayo B ilitokana na BCPL ya Martin Richards wa Cambridge. Kitabu cha kuifundisha C kilitoka mwaka 1978, na ni Brian Kernighan aliyemshawishi Ritchie wakiandike pamoja. Zoezi lake la kwanza linanifurahisha: endesha programu ya kusalimia dunia, kisha ondoa vipande vyake uone kompaila italalamika nini. Yaani mwanafunzi anatumwa kuharibu kwa makusudi. Mafundi simu wangekipenda.

Jumanne ya 2038. Mifumo mingi ya zamani huhesabu wakati kwa sekunde tangu Januari 1, 1970, ikitumia namba ya biti 32 ambayo mwisho wake ni 2,147,483,647. Sekunde hiyo itafika Januari 19, 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. Inayofuata itageuka hasi, na mashine itadhani ni Desemba 1901. Simu na kompyuta mpya zimeshahamia biti 64. Wasiwasi uko kwenye mitambo iliyofungwa zamani na kusahaulika, na programu za mingi yake zimeandikwa kwa C. Mtu atalazimika kuzifungua. Ningependa awe aliyefundishwa na dada yule, ajue namna ya kuanza ripoti yake: nilitarajia 2038, nimepata 1901.