Alumini Nayo Huliwa: Nasaha kwa Wenye Gari Kuukuu

Leo twaingia karakana.

Katika mwambao wetu zingaliko nyumba ambazo riziki yao yategemea Land Rover kuukuu. Ndilo gari lipelekalo nazi na maembe sokoni, na ndilo lifikishalo mgonjwa hospitalini pale gari dogo linapokwama mchangani. Aghalabu limeachwa na baba aliyetangulia mbele ya haki, na sasa limo mikononi mwa mjane na watoto. Siku rangi inapofanya malengelenge milangoni na unga mweupe ukaanza kumwagika chini yake, fundi huwaambia: "Hii ni alumini, haishiki kutu. Tutaziba, tupige rangi." Pesa hulipwa, gari likang'ara, na baada ya masika malengelenge hurejea palepale. Neno la fundi huyo ni nusu ya kweli, na ile nusu aliyoiacha ndiyo imalizayo akiba ya nyumba.

Gari hili lilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwaka wa 1948. Vita Vikuu vya Pili vilikuwa vimekwisha punde, na huko Uingereza chuma kilikuwa kikitolewa kwa kipimo, ilhali alumini iliyotumika kuundia ndege ilipatikana. Kwa hiyo bodi ikaundwa kwa alumini. Lakini fremu ya chini, ukuta utengao injini na abiria, na mifupa ya milango vikabaki vya chuma. Gari zima ni metali mbili zilizofungwa pamoja kwa ribiti na boliti, na maradhi yake huanzia pale zinapogusana.

Alumini ikiwa peke yake hujivika utando mwembamba unaoikinga. Ikigusana na chuma, na kati yao pakaingia maji ya chumvi, huzaliwa mkondo mdogo wa umeme kama ule wa betri, na katika mkondo huo alumini ndiyo iliwayo. Nasi twaishi kando ya bahari ambayo kila lita ya maji yake ina takriban gramu 35 za chumvi, na upepo hutuletea chumvi hiyo hadi majumbani.

Jambo hili mama zetu wameliona jikoni. Funika sinia la chuma lenye chakula cha chumvi na ndimu kwa karatasi ya alumini, karatasi iguse chakula na ukingo wa sinia, kisha uliache hadi asubuhi. Huenda ukaikuta imetoboka vitundu pale ilipogusa chakula. Mlango wa gari nao ni vivyo hivyo: alumini imekunjwa kuuzunguka mfupa wa chuma, maji yakanasa ndani ya mkunjo, na kila siku huliwa kidogo. Chovya chovya humaliza buyu la asali.

Unga ule mweupe ndio alumini iliyokwisha kuliwa. Huchukua nafasi kubwa kuliko metali yenyewe, ndiyo sababu rangi huinuka. Anayeupaka filla juu yake ameyafunika maradhi tu, ndani yaendelea.

Basi yafaa mwenye gari, hata kama hajapata kushika spana, aijue kazi yenyewe.

Kwanza, kipande kilichoathirika kifunguliwe. Ribiti zitobolewe kwa keekee, alumini itengwe na chuma, na vyote vioshwe kwa maji yasiyo na chumvi. Rangi ikwanguliwe kupita malengelenge hadi ifikiwe metali nzima. Brashi ya waya wa chuma isitumike, kwani chembe zake hujichimbia ndani ya alumini na kuuanzisha ugomvi upya. Utumike msasa mpya ambao haujagusa chuma. Magadi makali ya kuzibulia mabomba yasikaribie kabisa, maana huila alumini. Fundi avae barakoa, na watoto wawekwe mbali na vumbi.

Pili, kama ni vishimo tu, ipakwe praima ya epoksi siku ile ile, kisha filla nyembamba juu yake. Kama pametoboka, pakatwe na kutiwa kiraka cha alumini cha unene ule ule. Kukichomelea kwataka gesi ya agoni na mkono uliozoea, kwa sababu alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 hivi za Selsiasi bila kugeuka nyekundu ili kumwonya fundi, ilhali utando wake hauyeyuki hadi zipite 2,000. Asiyeijua kazi hiyo hulitoboa tundu kubwa kuliko la awali. Kiraka cha gundi ya metali na ribiti za alumini hakina aibu, nacho hudumu. Ribiti za shaba zisitumike, kwani shaba huila alumini kwa kasi kuliko chuma.

Tatu, na hili ndilo huachwa mara nyingi, chuma kilicho chini kisuguliwe kutu na kupakwa rangi. Kisha kila mahali metali hizo zinapokutana patiwe kizuizi: mpira, utepe au gundi laini isiyopitisha maji, na washa za plastiki chini ya boliti. Pasipo kizuizi, kiraka kipya kitaliwa kama kilichotangulia.

Maadamu bodi imefunguliwa, fremu ya chini igongwegongwe kwa nyundo ndogo. Palipo pazima hulia kwa ukali. Palipooza hutoa sauti nzito au hubonyea. Mlango uliotoboka huingiza mvua, bali fremu iliyooza huvunjika njiani ikiwa imebeba watu. Pesa zikiwa chache, zianzie kwenye fremu na breki, milango isubiri. Asije mtu akawapakia mayatima katika gari lenye rangi mpya na mifupa mibovu. Na likiuzwa, mnunuzi aambiwe kilichomo chini ya rangi, kwani kuficha aibu ya bidhaa ni dhuluma.

Kwa hivyo, dada yangu, mnapopatana na fundi, wekeni sharti moja: akuite uione metali ikiwa tupu kabla hajaifunika, na sehemu ya ujira ibaki hadi hapo. Ipige picha kwa simu. Fundi mwaminifu hatachukia, kwa kuwa picha hiyo ni shahidi wake pia.

Gari likisharudi, lioshwe chini yake kwa maji yasiyo na chumvi kila litokapo ufuoni, na vitundu vya kutolea maji chini ya milango vizibuliwe kwa kijiti. Kazi hii hata mtoto wa miaka kumi aiweza.