Mambo ya Nyumbani: Mbwa Wawili wa Mlango Mmoja

Mama mmoja wa Utemini ametuletea swali, nasi twaliandika hapa kwa kuwa twajua nyumba nyingi zina haja nalo. Asema: "Tuna mbwa wawili, wote majike, mkubwa na mdogo. Miaka mitatu wamekula chombo kimoja na kulala mlango mmoja. Yapata wiki tano sasa, jioni moja, yule mdogo alimrukia mkubwa shingoni, wala hatukuona sababu. Mwanangu wa miaka kumi akatia mkono ili awaachanishe, akaumwa. Tulimpaka majivu, na kidonda kimepona. Lakini tangu siku ile mbwa wakionana hupigana, na baba watoto asema atawaua wote wawili. Tufanyeje?"

Twaanza na mtoto, maana habari ya mbwa yaweza kungoja, ya mtoto haingoji. Jeraha la meno ya mbwa, hata likiwa mkwaruzo tu uliotoa damu kidogo, lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji mengi yatiririkayo, muda wa dakika 15. Asipakwe majivu, wala mafuta, wala majani. Kisha apelekwe hospitali siku ile ile, akapimwe kama yampasa kuchomwa sindano za kuzuia kichaa cha mbwa na ya kuzuia pepopunda. Wala mtu asiseme, "Mbwa ni wetu, twamjua." Mbwa wa nyumbani naye hutoka usiku, akakutana na mbwa koko au bweha, akaumwa, akarudi kimya; na sumu ya ugonjwa huo yaweza kukaa ndani ya mwili wiki nyingi, hata miezi, kabla ya dalili kuonekana. Zikiisha kuonekana, kwa mtu au kwa mnyama, dawa ya kumponya haipo. Lakini kabla ya hapo sindano huzuia mauti, nayo ni kazi iliyoanzwa na Mfaransa Louis Pasteur mwaka 1885, alipomwokoa mtoto wa miaka tisa aliyeumwa na mbwa.

Katika habari ya mtoto huyu wa Utemini tuna neno la kushukuru. Mbwa aumaye akiwa tayari na kichaa katika mate yake, kwa kawaida hufa katika muda wa siku 10. Hawa wangali hai baada ya wiki tano. Basi meno yale hayakuwa na kichaa siku ile. Walakini msomaji asifanye hesabu hii kuwa sababu ya kukaa nyumbani akihesabu siku. Hospitali kwanza, na mbwa afungwe atazamwe huku matibabu yakiendelea. Na aliyechelewa asikate tamaa akasema siku zimepita. Na aende hata sasa.

Tena twawaomba wenye nyumba wajue dalili. Mbwa mpole aliyebadilika ghafula, akauma miti na mawe na kila apitaye, huyo wengi humjua. Lakini kuna kichaa cha kimya: mbwa hujificha mahali pa giza, taya la chini hulegea, mate humtoka, hawezi kumeza, hata watu wadhani ana mfupa kooni na kumtia mkono kinywani. Wala msingoje aogope maji, maana mbwa mwenye kichaa aweza kuvuka mto. Aliye na dalili hizo asiguswe. Aitwe bwana mifugo upesi, na watoto waingizwe ndani.

Ikiwa si kichaa, mbona waliopendana wapigane? Wako watu wanenao ya kwamba mbwa wa nyumba moja wakipigana kuna mtu atakufa mle nyumbani, au jirani ametia kitu. Maneno hayo yaachwe huko nyuma tulikoyaacha mengine. Sababu zipo, nazo zaonekana kwa macho kwa mtu atazamaye bila hofu.

Ya kwanza ni maumivu. Mbwa mkubwa mwenye kupe ndani ya sikio, au jino lililooza, au viungo vya uzee, akikanyagwa kidogo hunguruma, na mwenzake hujibu. Kwa hiyo kila ugomvi ulioanza ghafula, hasa kwa mbwa wazima, na utafutiwe ugonjwa kabla ya kutafutiwa fimbo. Ya pili ni utu uzima. Mbwa mdogo alikubali kula nyuma ya mkubwa alipokuwa mtoto. Akiisha kutimiza mwaka mmoja hata mitatu, hukataa. Na majike wawili ndio wagumu kuliko wote. Madume mara nyingi hufanya kelele nyingi na damu chache, lakini majike wakichukiana huumizana, na hasa majira ya kutaka dume, au mmoja akiwa na watoto. Ya tatu ni vitu: mfupa, sufuria ya makombo, mahali penye kivuli, hata mapenzi ya bwana wao arudipo jioni akamsalimu mmoja mbele ya mwingine.

Na ya nne ni ya mjini zaidi. Bodaboda ikipita nje, mbwa wote wawili hukimbilia langoni wakibweka kwa hasira. Yule wa nje hawamfikii. Basi aliye karibu ndiye huumwa. Tunadhani nyumba nyingi za Utemini zenye ua na geti zaweza kupata ugomvi wao hapo, kisha wenyewe husema haukuwa na sababu. Mama huyu hakutuambia wale mbwa walikuwa wamesimama wapi jioni ile, na achunguze.

Sasa, wakipigana, mtu afanyeje? Mkono usiingie. Mwenye Mithali aliwajua wanadamu na mbwa pia alipoandika habari ya kushika masikio ya mbwa (26:17). Mbwa aliye katika ghadhabu hatazami ameuma nini. Hata ampendaye humwuma, wala hajui. Fimbo nayo haifai: pigo hulihesabu kuwa limetoka kwa mwenzake, akazidi kukaza. Twaeni ndoo ya maji mmwage vichwani. Gongeni debe kwa kishindo. Watupieni blanketi au gunia. Au sukumeni ubao kati yao. Wakiwapo watu wazima wawili wenye nguvu, nayo yote hayo yameshindwa, kila mmoja ashike miguu ya nyuma ya mbwa mmoja, aiinue kama ashikavyo toroli, arudi nyuma akizunguka, ili mbwa asipate kumgeukia. Lakini meno yakiwa yamekamata, msivute, maana nyama itachanika, ngojeni aachie. Kazi hiyo si ya mtoto kamwe. Mtoto na afundishwe jambo moja tu: kukimbia kumwita mkubwa. Hapa twawaomba walimu watusaidie shuleni, maana watoto wapenda mbwa wao, nao huingia katikati kwa upendo.

Wakiisha kuachana, mmoja afungiwe chumbani au bandani, wala wasionane siku ile. Chunguzeni chini ya manyoya: tundu la jino ni dogo juu, kirefu ndani, nalo huoza baada ya siku mbili tatu. Oshwa kwa maji ya chumvi, kisha aonwe na daktari wa mifugo. Na anayeosha afunike mikono yake kama ina vidonda.

Wengine husema, "Waacheni wamalize wenyewe, mmoja atashinda." Kwa madume wanaotishana tu pengine si vibaya. Kwa majike waliokwisha kutoana damu ni shauri baya, kwa sababu kila pigano hurahisisha lifuatalo.

Kupatanisha kwataka siku nyingi. Wakae mbalimbali wiki mbili au zaidi, wala wasiachwe pamoja bila mtu. Walishwe kila mmoja upande wake wa ukuta, na mifupa isitupwe uani kabisa. Kisha watu wazima wawili wawatembeze kwa kamba njia moja, hatua 20 kati yao, asubuhi kabla ya watu kuwa wengi. Wakitulia siku kadhaa, hatua zipungue. Mtazameni anayekaza mwili, anayekodoa macho bila kupepesa, anayesimama mlangoni ili mwenzake asipite. Hapo ndipo mahali pa kumwita aondoke, kwa sauti ya kawaida, kabla nywele za mgongoni hazijasimama. Kufunga uzazi kwafaa ikiwa ugomvi huja na majira ya joto. Ikiwa sivyo, hatuahidi kwamba kutauondoa.

Na baba wa nyumba, twamheshimu, naye ana haki ya kuwahofia watoto wake. Lakini kuwaua wote wawili ni kumhukumu aliyeumizwa pamoja na aliyeumiza, tena bila kujua kama kuna jino bovu la kung'olewa. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 nayo yamkataza mtu kumtesa mnyama. Fedha ya risasi au ya sumu (na sumu huua pia mbwa na kuku wa jirani) na itumike kwa chanjo. Mbwa huchanjwa akiwa na miezi mitatu, kisha kila mwaka, na cheti kitunzwe. Huko Pemba, mbwa walipochanjwa kwa wingi, kichaa kilikoma mwaka 2014. Kikarudi mwaka 2016, wakachanja tena, kikakomeshwa mwaka 2018. Kila tarehe 28 Septemba, siku aliyokufa Pasteur mwaka 1895, ni siku ya kichaa cha mbwa duniani, na mahali pengi chanjo hutolewa karibu na siku hiyo. Mwulizeni bwana mifugo wa kata.

Ikiwa baada ya miezi miwili ya kujaribu kwa uaminifu majike hawa wangali wakitafutana, basi watengwe kabisa. Yule mdogo apewe ndugu aliye shambani, mwenye mbuzi wa kulindwa na asiye na mbwa jike mwingine, naye aambiwe yote yaliyotokea, pamoja na habari ya mtoto, kabla hajaipokea kamba.