Miguu yako ni baridi? Iguse kabla ya kuipasha moto

Ikiwa unaishi Limuru, Kinangop au Molo, huhitaji kuelezwa usiku wa mwezi wa Julai ulivyo. Unajifunika mablanketi mawili, mwili unapata joto, lakini miguu inabaki kama iliyotolewa mtoni sasa hivi. Wengine huamua kuibandika kwenye miguu ya mwenzao kitandani, na hapo ugomvi huanza.

Mara nyingi huo si ugonjwa. Mwili unapohisi baridi, mishipa midogo ya damu iliyo miguuni na mikononi hujibana ili damu yenye joto ibaki ndani, karibu na moyo na mapafu. Dawa yake ni soksi za sufu zilizo kavu, viatu visivyobana, na kuchezesha vidole na vifundo vya miguu kabla ya kulala. Ikiwa umeshinda shambani na gambuti, vua soksi hizo zenye jasho mara tu ufikapo nyumbani. Nawe mvutaji sigara, jua kwamba nikotini hubana mishipa hiyo hiyo, hata ukivaa soksi tatu.

Lakini kuna baridi ya aina nyingine, na hiyo ndiyo iliyonifanya niandike leo.

Nyanya yangu alilalamika kuhusu miguu baridi kwa miezi mingi. Sisi tulisema ni uzee. Jioni moja aliomba beseni la maji moto, mjukuu akamtilia kutoka kwenye sufuria, naye nyanya akatumbukiza miguu na kusema maji yamepoa, aongezewe. Asubuhi nyayo zake zilikuwa zimejaa malengelenge. Hakuwa amehisi lolote. Hospitalini walimpima sukari, wakatuambia ana kisukari ambacho huenda amekaa nacho kwa miaka. Vidonda hivyo vilichukua wiki nyingi kupona, nasi tukashukuru kwamba hakukatwa mguu.

Daktari alitwambia jambo ambalo hatukuwa tumelifikiria: ni nani kati yetu aliyewahi kuigusa miguu hiyo? Hakuna. Kisukari huharibu neva, na neva iliyoharibika humwambia mtu kwamba mguu ni baridi au umekufa ganzi hali mguu wenyewe una joto la kawaida. Neva hiyo hiyo hunyamaza maji yanapomchoma.

Kwa hivyo, mwombe mtu mwingine aiguse kwa mgongo wa kiganja chake. Ikiwa unahisi baridi lakini yeye anahisi joto, au ikiwa una ganzi au unachomwachomwa kama kwa sindano, nenda ukapimwe sukari. Upungufu wa vitamini B12 na ulevi wa muda mrefu pia huleta hali hiyo.

Ikiwa ni baridi kweli kwa mguso hata mchana wa jua, huenda damu yako ni pungufu, jambo la kawaida kwa akina mama wanaotokwa na damu nyingi wakati wa hedhi, au tezi ya thairoidi iliyo shingoni imelegea. Dawa fulani za shinikizo la damu pia huleta baridi hii, lakini usiziache kabla ya kuzungumza na daktari. Ikiwa shavu la mguu hukuuma unapotembea na kutulia ukipumzika, yawezekana mishipa mikubwa imeziba. Na mguu mmoja ukiwa baridi ghafla, ukapauka na kuuma sana, usingoje asubuhi. Tafuta gari usiku huo huo, kwani mguu usiopata damu huanza kufa baada ya saa chache.

Kuhusu jiko la makaa, tafadhali usilale nalo chumbani. Hewa yake ya sumu, kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi, na imeua familia nzima wakiwa usingizini.

Nyanya bado hulalamika kila Julai. Beseni lake tumelificha. Huvaa soksi za sufu alizofumiwa na shangazi, na kila jioni mjukuu yule yule humkagua nyayo na katikati ya vidole, huku nyanya akimwuliza kama anatafuta funza.