Ngawira ni ya Nani? Ukuaji na Mizani katika Michezo ya Kufa na Kuanza Upya

1. Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili una desturi kongwe ya kukitilia shaka kila kinachozuka bila idhini ya wazee. Diwani ya Kichomi ya Euphrase Kezilahabi ilipotoka mwaka 1974, sehemu kubwa ya mjadala haikuhusu uzuri au udhaifu wa tungo zile, bali ilihusu iwapo zilistahili hata kuitwa mashairi. Nguvu nyingi zilitumika mlangoni, na waliokuwa ndani ya nyumba wakasahauliwa. Kosa lilo hilo linarudiwa leo kuhusu michezo ya video. Wapo wahakiki wanaoshikilia kuwa michezo hiyo ni upuuzi wa watoto usiostahili kurasa za jarida la kitaaluma. Upande wa pili wapo washabiki wanaoisifu kila inapotoka, na sifa yao kubwa ni kwamba “haimalizwi kirahisi”, kana kwamba urefu wa safari ni ushahidi wa uzuri wa njia.

Makala haya yanazipinga pande zote mbili. Hoja yake ni kwamba mizani ya mchezo, yaani uwiano kati ya nguvu za mchezaji na uzito wa vikwazo anavyowekewa, si suala la fani peke yake bali ni suala la maudhui. Katika michezo ambamo mhusika hufa na kuanza upya, swali la kwanza la mhakiki linapaswa kuwa hili: ukuaji unaopatikana umehifadhiwa wapi, ndani ya mchezaji au ndani ya mashine? Swali hili haliwezi kujibiwa vyema kutoka sebuleni kwa mwenye nacho. Linajibiwa vyema zaidi kutoka mahali kama Butula.

2. Ukoo wa Rogue na mgawanyiko wake

Michezo inayozungumziwa hapa inatokana na mchezo wa Rogue, uliobuniwa na Michael Toy na Glenn Wichman nchini Marekani mnamo mwaka 1980. Mhusika wake aliteremka katika mashimo yaliyopangwa upya kila mara, akiokota silaha na hirizi, na alipokufa alikufa kweli. Mchezo uliohifadhiwa ulifutwa mara ulipofunguliwa tena, ili mchezaji asipate kukikwepa kifo kwa kurudi nyuma. Kilichovuka kutoka safari moja hadi nyingine kilikuwa kimoja tu: maarifa ya aliyeshika kibodi.

Vizazi vilivyofuata vililegeza sheria hiyo. Mhusika hufa, hupoteza sehemu kubwa ya ngawira yake, lakini hubakiza kiasi fulani cha kununulia nguvu za kudumu. Hapo ndipo yanapozuka mambo mawili yanayochanganywa mno. Kuna ukuaji wa mchezaji, ambao ni ustadi: jicho limezoea, mkono umepata wepesi, akili imetambua hila za adui. Kuna pia ukuaji wa mhusika, ambao ni mali: uhai ulioongezwa, upanga uliofuliwa upya, ngao iliyonunuliwa. Tarakimu hupanda katika hali zote mbili, na mshabiki asiyepambanua huona maendeleo. Mhakiki hana ruhusa ya kutopambanua.

Risk of Rain 2, mchezo wa bunduki na sayari ngeni uliokamilishwa mwaka 2020 na Hopoo Games, unaonyesha jinsi mizani inavyoweza kubeba maana. Ngawira humo hurundikana bila kikomo kinachoonekana, lakini ugumu hupanda kadiri muda unavyopita. Anayekawia kufungua kila sanduku hutajirika, na papo hapo humtajirisha adui yake. Tamaa ina bei, na bei hiyo hulipwa ndani ya safari ile ile. Safari ikiisha, rundo lote linatoweka. Kinachobaki ni vitu vipya vilivyofunguliwa, pamoja na ujuzi wa kujua lini kuokota na lini kuondoka.

Mfano wa Archero, mchezo wa simu uliotolewa na kampuni ya Habby mwaka 2019, unaelekea upande mwingine. Mchezaji hulipa nishati kabla ya kila jaribio. Nishati ikiisha, angoje ijae au ainunue. Vifaa vya mhusika hudumu na huunganishwa kuwa vikali zaidi, na ukali huo unaweza kuharakishwa kwa fedha halisi. Mwenye ustadi asiye na vifaa hufikia mahali ambapo kila pigo lake ni kama unyoya juu ya mwamba. Hapo mchezo haumwambii “jifunze”. Unamwambia “ngoja” au “lipa”. Je, hayo si maudhui? Riwaya ambayo shujaa wake hushinda kwa sababu tu mjomba wake ana duka ingehakikiwa bila huruma.

3. Mizani katika hadithi zetu

Anayedai kwamba mizani ni istilahi ya mafundi wa kompyuta isiyo na nafasi katika fasihi hajazisoma vyema hadithi za nyumbani. Luanda Magere wa masimulizi ya Wajaluo hakupenyeka kwa mkuki. Nguvu zake zilikaa kivulini, na siri hiyo ilipofichuka kwa mke wake, Mnandi, alianguka. Fumo Liyongo naye hakuuawa kwa silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba kitovuni, na aliyeichoma ni mwanawe. Udhaifu huo mmoja ndio mizani ya masimulizi yenyewe. Bila huo hakuna taharuki, kwa kuwa msikilizaji hawezi kumhofia asiyeweza kuanguka.

Inafaa pia kukumbuka jinsi Liyongo alivyotoka kifungoni. Hakuwa na ghala la silaha. Alipata tupa iliyofichwa ndani ya mkate, akapata kelele za ngoma za kufunika sauti ya kukata chuma, na akapata utungo wa kuyapanga yote hayo bila walinzi kung’amua. Kifaa kilikuwa kimoja na kidogo; kilichokifanya kitoshe ni akili ya mwenye kukitumia. Katika lugha ya michezo, hiyo ni safari iliyoshindwa kwa ustadi.

Bao la Kiswahili linafundisha zaidi. Lina mashimo 32 na kete 64, na ni mchezo wa kuteka nyara waziwazi. Hata hivyo, kete zinazoliwa hazitolewi ubaoni kuwekwa akiba. Aliyezila huzipanda upande wake papo hapo, na huko zinaweza kumponyoka tena. Nyumba yenyewe, shimo linaloruhusiwa kurundika, huweza kuliwa. Mchezaji aliyejaza kete safu ya nyuma bado hushindwa safu yake ya mbele ikibaki tupu. Wazee waliolicheza bao barazani hawakuhitaji istilahi ya kigeni kujua kwamba mali isiyoingia mchezoni haimwokoi mwenye nayo.

Riwaya ya kubuni safari za angani nayo haikulisahau jambo hili. Katika Walenisi ya Katama Mkangi, iliyochapishwa mwaka 1995, Dzombo hutiwa katika chombo kinachokusudiwa kumpeleka kifoni, na badala yake anafika katika nchi nyingine. Hafiki huko na shehena ya silaha. Anachokuza ni fahamu yake, na fahamu hiyo ndiyo ngawira ya pekee ambayo mtawala hawezi kumpokonya.

4. Butula kama kipimo

Butula, nchi ya Wamarachi katika kaunti ya Busia, haina sababu ya kuombewa radhi katika mjadala huu. Kama ilivyo katika vituo vingine vya biashara nchini Kenya, kutoka soko la Butula hadi Bumala iliyo kando ya barabara kuu ya Kisumu kwenda Busia, kijana asiye na mashine nyumbani hucheza kwa njia mbili. Ya kwanza ni kibanda cha PlayStation, anakolipa kwa mechi au kwa dakika, na ambako kandanda hutawala. Ya pili ni simu, mara nyingi simu ya bei nafuu, na mara nyingi simu isiyo yake peke yake.

Mazingira hayo yanafichua jambo ambalo sebule ya tajiri hulificha. Ukuaji uliohifadhiwa ndani ya mashine ni mali ya mwenye mashine. Mteja wa kibandani akikusanya ngawira kwa saa nzima, anayemfuata hukalia kiti kile kile na kuitumia, au kuifuta. Simu ikirudi kwa kaka, mhusika aliyenenepeshwa huondoka nayo. Kwa kijana huyo, kila mchezo wa ukoo wa Rogue unarudi kuwa Rogue ya mwaka 1980: anapoteza kila kitu isipokuwa alichojifunza. Tofauti ni kwamba Rogue ilipimwa kwa mchezaji wa aina hiyo, ilhali michezo mingi ya leo imepimwa kwa mtu mwenye mashine yake, umeme wake na jioni zake zote. Ukuta ambao mwenye sebule huuvuka kwa kurundika, kijana wa Butula hugonga kichwa.

Ushahidi ulio wazi zaidi ni Returnal, uliotolewa mwaka 2021 na Housemarque ya Helsinki. Ni kazi yenye uzito: mwanaanga Selene huanguka katika sayari ya Atropos, hufa, na kuamka tena kando ya mabaki ya chombo chake. Lakini ulipotolewa haukuwa na njia ya kuhifadhi safari iliyoanzwa. Anayetaka kupumzika aliiacha mashine ikisinzia bila kuzimwa, na safari moja iliweza kuchukua saa kadhaa. Mnamo Oktoba 2021 waundaji waliongeza njia ya kuusimamisha mzunguko. Kwa miezi hiyo kabla, mchezo ulimchukulia msomaji wake kuwa mtu ambaye hakuna anayengojea kiti chake na ambaye umeme wake haukatiki. Hilo si tatizo la ufundi. Ni dhana kuhusu nani anahesabiwa kuwa hadhira, na kuzifichua dhana za aina hiyo ndiyo kazi ya uhakiki.

Soul Knight ya ChillyRoom, mchezo wa simu wa mwaka 2017, unakaribia zaidi haki. Kisa chake ni chepesi: wageni wa anga za mbali wameiba jiwe linaloshikilia mizani ya dunia. Silaha za kila safari hupotea safari inapokwisha. Vito vinavyobaki hufungua wahusika wapya na kuwaongezea nguvu, na hapo lawama ipo. Hata hivyo, mwenye mkono mwepesi anaweza kufika mbali na bunduki aliyoiokota njiani, bila kungoja nishati ijae.

5. Pingamizi na majibu

Itasemwa kwamba nguvu za kudumu ni huruma kwa asiye na ustadi. Pingamizi hili lina uzito na halifai kupuuzwa. Hades ya Supergiant Games, iliyokamilishwa mwaka 2020, inaonyesha kuwa huruma inawezekana bila hila: mchezaji anayetaka huchagua hali inayompunguzia madhara kwa asilimia 20, na kila kifo huongeza asilimia 2 hadi kufikia 80. Msaada huo umetangazwa wazi, hauuzwi, na anayeukataa hapotezi kitu katika kisa. Huruma ya namna hiyo na nishati inayouzwa kwa fedha haviwezi kuwekwa kapu moja. Hata hivyo, hali hiyo nayo huhifadhiwa ndani ya mashine, na kwa hiyo kipimo cha Butula kinabaki palepale.

Itasemwa pia kwamba kumpima mbunifu wa Helsinki kwa kijana wa Butula ni uonevu. Jibu ni kwamba kila kazi ya sanaa husafiri, na inaposafiri hukutana na wasomaji ambao haikuwawazia. Busia yenyewe inalijua jambo hili. Jina la bodaboda linahusishwa na mpaka huo, ambako wenye baiskeli waliwavusha watu na mizigo kati ya vituo viwili vya forodha, miongo mingi kabla ya kituo cha pamoja kuzinduliwa mwaka 2018. Mzigo wa mvushaji ungeweza kupotea kwa siku moja. Ujuzi wake wa njia, wa saa na wa watu haukupotea, na ndio uliomrudisha barabarani kesho yake.

6. Hitimisho

Wahakiki wanaoipuuza michezo hii wameiacha mikononi mwa wauzaji, na wauzaji wamefurahi. Wanaoisifu bila kupima wamegeuka wapiga debe. Kazi iliyo mbele ya idara za Kiswahili ni kuupima kila mchezo wa aina hii kwa swali moja lisilohitaji maabara: je, mwenye ustadi anaweza kushinda akiwa mikono mitupu? Kama anaweza, ngawira ni pambo la safari, na kifo ni mwalimu. Kama hawezi, ngawira ni kodi, na kifo ni karani wa kuikusanya. Mhakiki asiyeweza kutofautisha mwalimu na karani hana cha kumwambia kijana aliyeshika simu ya kuazima pale Bumala, ambaye tofauti hiyo ameshailipia mwenyewe.