Dakar ni karibu kuliko London. Nani kakwambia?

Nina ugomvi na zile tovuti za kupima umbali wa ndege. Andika Dar es Salaam, andika Dakar, kisha bofya. Jibu: takriban kilomita 6,650, kama saa 8 hivi angani. Sasa pima Dar na London: kama kilomita 7,500. Yaani Msenegali ni jirani yetu kuliko Mwingereza!

Jamani, jirani gani huyu? Hizo saa 8 ni za kwenye ramani, si za abiria. Hakuna ndege ya kukutoa Dar moja kwa moja hadi Dakar. Ukikatiwa tiketi ya kupitia Istanbul, unazunguka zaidi ya kilomita 10,700. Kupitia Dubai ni zaidi ya 11,500, tena unaanza kwa kupelekwa kaskazini wakati unakokwenda ni magharibi! Ongeza saa za kusinzia uwanjani ukisubiri ndege ya pili, siku nzima imekwisha.

Najua kuna watakaosema: abiria hakuna, biashara ni biashara. Sawa. Dar na Dakar peke yake haijazi ndege kila siku. Ndiyo maana njia ndefu huunganishwa: ndege inashusha Kinshasa au Accra, inapakia wengine, inaendelea. Lakini shirika la nchi moja kupakia abiria kati ya nchi nyingine mbili ni mpaka serikali zinazohusika ziruhusu. Hapo ndipo penye fundo. Kila serikali inalinda shirika lake, hata kama ndege zake unazihesabu kwa vidole.

Na dawa iliandikwa zamani! Novemba 1999 mawaziri walikutana Yamoussoukro, Ivory Coast, wakakubaliana kufungua anga la Afrika. Tukasubiri. Januari 2018 Umoja wa Afrika ukazindua soko moja la usafiri wa anga, likiwa na nchi 23. Kenya ilikuwamo. Ethiopia ilikuwamo. Sisi hatukuwamo. Miaka 18 kutoka makubaliano hadi uzinduzi, na bado tukabaki nje tukichungulia.

Halafu tazama majirani. Ukipitia Nairobi, safari ya Dakar inaongezeka kilomita 200 na ushee tu. Ukipitia Addis Ababa ni kama 1,200. Ratiba zikikutana, unafika ukiwa bado mtu. Kwa hiyo asije mtu kuniambia jiografia ndiyo inayotukwamisha. Jiografia haijawahi kumnyima mtu kibali cha kutua.

Anayeumia ni nani? Ni mfanyabiashara anayeona nafuu kwenda kununua bidhaa Guangzhou kuliko kuuza zake Dakar. Ni msanii anayealikwa tamasha Senegal, waandaaji wakiona nauli wanamwita mwingine. Ni mimi na wewe, tunaoijua Ulaya kuliko Afrika Magharibi, halafu tunashangaa kwa nini hatufahamiani.

Kila mkutano tunahubiriwa kwamba Afrika ni moja. Mimi ombi langu ni dogo: waheshimiwa wakialikwa Dakar, wakate tiketi za daraja la kawaida, waunganishe ndege kama sisi, wasinzie kwenye viti vya chuma. Wakirudi ndipo watuhutubie kuhusu umoja.

Au naonea watu? Wewe unasemaje?